Upele wa Nyumba Nzima

Dhuluma aliyofanyiwa msusi ni hii: wifi yake alisimama barazani mbele ya wateja, akasema kwa sauti iliyofika mpaka bombani kwamba msusi ana upele, na kwamba atakayeendelea kukaa chini ya mikono ile asije akamlaumu mtu. Aliyasema hayo huku yeye mwenyewe, ndani ya mikono mirefu ya gauni lake, ana upele uleule, na alikuwa nao kabla ya msusi. Alijua. Hilo lishikwe tangu mwanzo, maana kila anayesikia habari hii huingiwa na huruma ya haraka akauliza, labda hakujua? Alijua.

Msusi hakusoma. Kwao alikuwa mkubwa wa kike, na mkubwa wa kike ndiye aliyebaki na watoto wachanga, wenzake walipokwenda shule. Akawa anawasuka wadogo zake ili watulie. Mistari yake ya kwanza ilipinda kama njia ya panya, lakini mkono ulizoea, na alipofika umri wa kuolewa wanawake walikuwa wanatoka mitaa ya mbali kumfuata. Akigusa kichwa tu anajua: nywele hizi zinakatika, ngozi hii kavu, na mwenye kichwa hiki ana jambo linamkera nyumbani. Jina lake hakuweza kuliandika, ila mikono yake ilijulikana. Watu hawakusema "nakwenda kwa fulani." Walisema "nakwenda kwenye ile mikono."

Aliolewa na dereva wa lori, akaletwa kwenye nyumba ya mama mkwe, nyumba ya mabati yenye baraza pana inayotazama bomba la maji la mtaa. Mume alimjengea benchi, akamnunulia kioo. Lori lilipopinduka likaondoka naye, msusi alibaki na benchi, kioo, na binti mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa sababu alikuwa haishiwi maneno. Mama mkwe alimwambia, "Mwanangu, hapa ni kwako." Alimwambia tena mwezi uliofuata, na tena baadaye. Msusi akaelewa kwamba nyumba ambayo unakumbushwa kila mara kuwa ni yako, si yako. Lakini aende wapi? Nyumba ya wazazi wake kaka yake alishaiuza, akahama bila hata kuaga. Msusi akahamishiwa chumba cha nyuma ya jiko, chenye dirisha linalofunguka kwenye ukuta wa jirani, akalala humo na Chiriku kitanda kimoja.

Mwenye sauti katika nyumba ile alikuwa wifi yake, binti mkubwa wa mama mkwe, karani wa ofisi ya shule. Watu walimwita Marashi. Harufu yake ilikuwa inafika kwanza, inakaribishwa, inavua viatu, inakaa, ndipo mwenyewe anatokea kwenye kona. Funguo za stoo na kabati la vyombo alikuwa nazo yeye. Hata mama yake akitaka sukari alimwomba.

Kila mwisho wa wiki Marashi alikaa kwenye kigoda katikati ya magoti ya msusi asukwe. Hakuwa mteja, alikuwa mwenye nyumba, kwa hiyo alikaa kama mwenye nyumba: anaegemea, mikono yake wazi anailaza juu ya mapaja ya msusi kama mtu aliyekaa kwenye kochi, na hapo anabaki mchana kutwa akisimulia mambo ya ofisini. Ngozi kwa ngozi, joto kwa joto. Msusi alikuwa anasikiliza na kusuka.

Basi kuna mwezi Marashi alipelekwa kwenye mafunzo ya makarani. Waliwekwa kwenye bweni, magodoro yamebanana, mablanketi ya kugawana. Aliporudi alianza kuvaa gauni la mikono mirefu hata jua likiwa kali, na usiku mlango wa chumba chake ulikuwa unafungwa kwa komeo. Juma moja alipokaa kwenye kigoda, msusi alipoinamisha uso kugawa nywele za kisogoni, alisikia harufu ngeni chini ya ile ya kila siku. Ilikuwa kali kidogo na tamu kidogo, kama rangi ya mlango iliyotiwa maua.

"Wifi, umebadilisha manukato?"

"Haya ya nje haya. Pua yako haijayazoea."

Wakacheka wote wawili. Msusi akaendelea na mstari wake.

Kuwasha kulianza kwake baada ya majuma kadhaa, katikati ya vidole. Akadhani ni mafuta mapya ya nywele. Kukashuka kwenye viganja vya mikono, kwenye mikunjo pale, kukaja kiunoni kwenye mstari wa sketi, kukapanda chini ya maziwa. Mchana kulivumilika. Usiku, joto la shuka likishapanda, ilikuwa kama mtu amemmwagia siafu. Chiriku naye akaanza kujikuna usingizini, kucha zinakwenda zenyewe, kra, kra, kra, huku macho yamefumba.

Alikwenda duka la dawa. Kijana wa dukani hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake. "Aleji hiyo," akasema, akampa tyubu ya krimu. Siku za mwanzo ilituliza, msusi akamwombea dua muuzaji. Kisha upele ukasambaa kama umbea, ukafika mahali ambapo haukuwahi kufika. Kucha zikafungua ngozi, ngozi iliyofunguka ikatunga usaha, usaha ukakauka ukawa magamba ya rangi ya asali. Vidole viwili vya mkono wa kulia vikavimba. Akavifunga vitambaa, na wateja walipouliza alisema ameungua maji ya moto, yale ya kuchovyea ncha za rasta zisifumuke. Walimwamini. Kila msusi huungua.

Siku ya balaa alikuwa kwenye benchi mke wa fundi baiskeli, mwanamke mwenye kichwa kikubwa na moyo mdogo. Upande wa kushoto umeshakwisha, wa kulia umesimama timtim. Wengine walikuwa wanasubiri zamu, mmoja ananyonyesha. Marashi akatoka kazini, harufu yake ikatangulia, naye akafuata. Akasimama kwenye ngazi akitazama vile vitambaa.

"Bado mnakaa hapo?" akasema. "Hamjui huyu ana upele? Mimi kwenye nyumba hii nimeshaagiza sahani yake itengwe. Mkienda kuwapelekea waume zenu, msije mkasema mmeupata kwa Marashi."

Msusi alikuwa ameshika kishada cha nywele, na kishada kikabaki mkononi.

"Wifi," akasema taratibu, "ni kuungua."

"Fungua basi tuone kuungua."

Hakufungua. Mke wa fundi akasimama, akajipiga kanga kichwani juu ya ule upande uliosukwa na ule usiosukwa, akasema ameacha jiko linawaka. Anayenyonyesha akamchomoa mtoto kwenye ziwa akaondoka naye akilia. Bombani watu walikuwa wamesimama na ndoo zilizojaa, zinamwagika, wao wanatazama. Msusi alivua vile vitambaa baadaye, peke yake.

Sahani ilitengwa kweli. Alipewa kikombe chenye ukingo uliovunjika, Chiriku akapewa bakuli la bati. Benchi la marehemu lilisuguliwa kwa dawa ya sakafu likawekwa nyuma ya nyumba. Mama mkwe aliyaona yote. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, anajikuna mgongo kwa mpini wa mwiko, anasema, "Uzee huu jamani una meno."

Zahanati alikwenda na Chiriku wakati vidole havikunjiki tena. Siku hiyo kulikuwa na foleni mpaka nje, na muuguzi alikuwa peke yake. Alitazama vidonda tu, na kwa vidonda alifanya kazi nzuri. Aliwalowesha magamba kwa maji safi na sabuni mpaka yakalainika, akayatoa pole pole, akasema dawa haipenyi juu ya gamba, akawapa vidonge vya kukausha usaha. "Mmeze mpaka viishe, hata kama vimepona. Na kucha za mtoto zikate." Vidonda vikakauka. Kuwasha kukabaki palepale, kwa hiyo kucha zikarudi kazini, na kwa hiyo vidonda vikarudi.

Mara ya pili alimkuta tabibu, mzee mfupi anayeongea polepole kama mtu anayehesabu pumzi. Huyu hakuanza na vidonda. Alichukua mkono wa msusi akaupeleka dirishani, akatandaza vidole, akatazama kwenye uwazi baina yao kwa muda mrefu. Akamwonyesha: kistari kidogo cha kijivu, kilichopinda, mwishoni kina nukta.

"Umeona? Hiyo ni njia. Kuna mdudu mdogo kuliko macho yako, anachimba chini ya ngozi, anataga humo. Anawasha zaidi saa ngapi?"

"Usiku. Shuka likipata joto."

"Na huyu binti naye."

"Naye."

"Nani mwingine anajikuna nyumbani?"

Msusi akakumbuka mwiko. Akakumbuka mikono mirefu ya gauni. "Wanasema hawajikuni."

Tabibu akacheka kidogo. "Wanasema. Sikiliza, mama. Huu si ugonjwa wa uchafu. Hata anayeoga mara tatu anaupata akilala na mwenye nao au akikaa naye mwili kwa mwili. Na dawa yake ina sharti. Mkipaka wawili tu, wale wengine watawarudishia. Nyumba nzima, mwenye kuwashwa na asiyewashwa, jioni moja. Toka shingoni mpaka nyayo, katikati ya vidole, chini ya kucha, kitovuni, makwapani, kila mkunjo. Kesho yake mnaoga. Shuka na nguo mlizovaa zinafuliwa kwa maji ya moto zinaanikwa juani siku hiyohiyo. Mtarudia kama nitakavyokuelekeza. Baada ya hapo mtawashwa bado kwa majuma kadhaa. Msiogope, na msipakepake ovyo, mtajichubua. Ya mtoto tunaizimua."

Akaongeza kwa sauti nyingine, akimtazama Chiriku. "Na huyu, ukiona uso umevimba asubuhi, au mkojo una rangi ya chai kavu, usingoje kesho."

Msusi alipewa chupa kubwa. Maandishi yake hakuweza kuyasoma. Alipofika kwenye mti wa nje wa zahanati alifungua kifuniko ili aone dawa ikoje, na harufu ikamjia usoni: kali kidogo, tamu kidogo, rangi ya mlango iliyotiwa maua.

Alikaa chini palepale.

"Mama, umechoka?" Chiriku akauliza.

"Nimechoka."

Alikuwa amekumbuka kisogo cha Marashi, na kicheko chao wote wawili. Kumbe Marashi alikwenda mbali, mahali asipojulikana, akapata dawa, akajipaka peke yake kwa siri, akamwaga manukato juu yake. Kisha akaendelea kukaa kati ya magoti ya mtu bila kumwambia neno. Na alipoona ugonjwa umeonekana kwa mwingine, akawahi kuupa jina la huyo mwingine kabla haujapata jina lake.

Nyumbani msusi alimweleza mama mkwe maneno ya tabibu. Marashi alijibu kabla ya mama yake kufungua mdomo. "Hapa upele uko chumba cha nyuma ya jiko. Jipakeni huko." Wakajipaka huko, wao wawili. Dawa iliuma kwenye ngozi iliyochubuka kama chumvi, Chiriku akauma mto ili asipige kelele. Wakafua, wakaanika. Wakapata nafuu. Majuma yalipita wakilala usingizi wa watu.

Lakini Chiriku alikuwa na bibi, na bibi alikuwa na kitanda. Mchana bibi akijinyoosha, mtoto anajipenyeza kando yake kusimuliwa hadithi, wanasinzia pamoja wamekumbatiana. Msusi alimkataza. Mtoto atamkataaje bibi yake? Na bibi alikuwa anamwita. Kra, kra, kra, ikaanza upya. Safari hii mikononi na matakoni vidonda vilikuja haraka, vyenye usaha, na Chiriku akaacha kuongea. Asubuhi moja aliamka macho yamezama kwenye uso uliojaa kama unga uliotiwa hamira. Msusi alipomshikia kopo akojoe, akaona rangi ya chai.

Alimbeba mgongoni mtoto mkubwa vile, miguu inaning'inia, mpaka zahanati. Tabibu alipima mkojo, akapima shinikizo la damu, akamwandikia aende hospitali siku ileile. Alilazwa. Sumu ya vidonda imegusa figo, walieleza, hutokea kwa watoto, wengi hupona wakiwahiwa. Kwa Chiriku uvimbe ulishuka. Siku alipoanza kumsimulia mgonjwa wa kitanda cha pili habari za kuku wa jirani, msusi alitoka nje akalia. Walipopita zahanati kumwonyesha, tabibu hakuzungusha maneno.

"Amepona. Lakini anarudi wapi, mama? Kama ni kwenye nyumba ileile ambayo haijapakwa, tunacheza. Vidonda hivi visirudi."

Msusi hakulala. Ameshikwa huku na huku. Akimwacha mtoto kwenye nyumba ile anamwacha kwenye ugonjwa. Kwingine pa kumpeleka hana. Na ufunguo wa nyumba nzima uko kwenye kiuno cha mtu mmoja.

Alimngojea Marashi uani kwenye kamba za nguo, mahali ambapo mama mkwe hasikii.

"Wifi, naijua harufu ya dawa ile. Niliisikia kisogoni kwako kabla mimi sijawashwa."

Marashi aliendelea kuanika. Alikung'uta gauni, akabana kibanio. "Pua yako inakudanganya."

"Funua mkono basi, kama ulivyoniambia mimi nifungue vitambaa."

Hakufunua. Akageuka, na kwa mara ya kwanza msusi akamwona hana uso wa ofisini. Alikuwa na uso wa mtu asiyelala.

"Unataka nini?"

"Tupakane wote, jioni moja. Mama, wewe, mimi, mtoto. Basi. Sitaki lingine."

"Nikipaka, mama atauliza kwa nini napaka. Jirani watauliza. Mimi nina kazi ya watu, mwalimu mkuu ananipa mkono kila asubuhi." Kisha akaanza kuongea kama karani anayemweleza mtu aliyesahau nyaraka. "Nitapaka. Na mama nitamwambia apake. Lakini useme wewe. Ukae mbele ya mama useme upele uliuleta wewe, umetuambukiza, unaomba radhi. Hapo mimi nitakuwa nimepaka kwa ajili yako."

"Niseme uongo?"

"Watu wote wameshaamini. Utapungukiwa nini?"

Msusi alitazama mlango wa jiko. Chiriku alikuwa amekaa kwenye kizingiti, bado mwembamba wa hospitali, anamfundisha paka kusalimia.

Akasema. Siyo siku nyingine, jioni hiyohiyo. Alikaa kwenye mkeka sebuleni, mama mkwe kitini, Marashi amesimama karibu na dirisha, na dirisha alikuwa amelifungua wazi. Nje, bombani, ilikuwa saa ya foleni ya maji.

"Mama," msusi alisema, "upele huu niliuleta mimi. Nimewaambukiza. Naomba mnisamehe."

"Paza sauti kidogo, mama hasikii vizuri," Marashi akasema.

Akarudia kwa sauti. Bombani ndoo moja ilijaa, ikafurika, na mwenye nayo hakufunga maji.

Mama mkwe alimtazama mkwe wake. Akamtazama binti yake, mikono ile mirefu ya gauni kwenye joto lile. Mdomo wake ulijikusanya kama wa mtu anayetaka kuuliza. Kisha akashusha macho. "Yaishe," akasema. "Leteni hiyo dawa."

Msusi ndiye aliyempaka. Alimvua kikongwe yule kanga yake chumbani, akamkuta mgongo mzima umechorwachorwa na mpini wa mwiko, na kiunoni vile vistari vya kijivu vimejaa. Akapaka polepole, asiuruke mkunjo hata mmoja. Mama mkwe alivumilia. Mwishoni akasema, "Kumbe uzee wangu ulikuwa na miguu," na msusi akacheka bila kutaka.

Akampaka Chiriku, akajipaka. Alikuwa anaosha mikono mlango wa Marashi ulipofunguka kwa upenyo.

"Wewe. Njoo."

Marashi alikuwa amekaa kitandani, amejifunga kitenge kifuani. Mbele alikuwa ameshajipaka. Mgongo haufikiki na mkono wa mwenyewe, na hapo msusi akaelewa kwa nini ile dawa ya siri haikumponya. Kila alipojipaka peke yake, katikati ya mabega pale palibaki pakavu. Palikuwa na vidonda vya zamani juu ya vidonda vipya. Hawakutazamana.

Mikono ile, iliyotangazwa barazani, ilichovya pamba kwenye dawa. Msusi alikuwa na nafasi ya kuacha kipande. Kipande kidogo tu kama kiganja cha mtoto, katikati, ambapo Marashi hatajua mpaka aanze kuwashwa tena mbele ya mwalimu mkuu. Aliifikiria, na ilikuwa tamu mdomoni. Lakini kipande kile kingetembea. Kingetoka mgongo huu kikaenda kitanda cha bibi, na kutoka kitanda cha bibi kikamfuata Chiriku. Hata kisasi kilikuwa kimefungiwa nje. Akapaka mgongo wote, mpaka kwenye mstari wa nywele, mpaka kwenye mikunjo ya makwapa, vizuri kuliko alivyojipaka yeye mwenyewe.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Funga mlango ukitoka."

Shuka za nyumba nzima zilichemshwa, magodoro yakatolewa juani, na waliopita waliona. Wakarudia kupaka kama walivyoelekezwa. Kuwasha kulikaa kwa muda, kama alivyosema tabibu, kukawa kunapungua, kukaisha. Mwiko ulirudi jikoni kwenye kazi yake. Chiriku alinenepa, mkojo ukawa mweupe, maneno yakarudi mpaka walimu wakalalamika.

Marashi akaanza kuvaa mikono mifupi. Ngozi yake imetulia, inang'aa. Kusukwa anakwenda kwa msusi mwingine karibu na soko, na anayemuuliza kwa nini, humjibu kwa kuinua nyusi tu.

Benchi bado liko nyuma ya nyumba. Msusi alilirudisha barazani mara moja, akaliweka na kioo chake, akakaa mpaka jua likahama. Mke wa fundi baiskeli alipita upande wa pili wa njia na kichwa kilichosukwa kwingine pande zote mbili. Alimsalimia kwa kuweka mkono kifuani, mbali, hakuutoa. Mikono ya msusi sasa ni misafi, haina hata kovu kubwa. Anayo mapajani, imekaa tu. Mchana anafua nguo za watu wasiomjua, mtaa ambao habari haijafika, na jioni anarudi kwenye chumba cha nyuma ya jiko, kwa sababu ndiko Chiriku aliko na ndiko bibi yake Chiriku aliko.

Mama mkwe anadaiwa swali moja. Alilishika mdomoni jioni ile akalimeza, na mpaka leo hajamuuliza binti yake.

Marashi anadaiwa zaidi. Anadaiwa kusimama kwenye ngazi ileile, saa ileile ya foleni ya maji, mke wa fundi akiwepo na yule anayenyonyesha akiwepo, aseme kwa sauti ileile iliyofika bombani: "Upele ulikuwa wangu. Nilirudi nao kutoka mafunzoni, nikaujua, nikanyamaza. Huyu aliupata kwangu." Hata manukato asiyapunguze. Aseme hivyo tu, kisha akae kwenye kile kigoda, watu wamwone amekaa kati ya magoti ya msusi, kichwa chake kiko kwenye mikono ile.

Hajasema.